Gundi kwenye Nyaya za Ukumbi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, baba mdogo alikuwa akijilaza chali kitandani na kuacha kichwa kining'inie nje ya ukingo, macho kayafumba. Alikuwa anainyoosha shingo. Mama mdogo akipita na ndoo humwambia, "Amka, twiga, maji yanapoa."

"Twiga ana bahati. Yeye anaangalia chini."

Kazi ya baba mdogo ilikuwa kuangalia juu. Tulifanya kazi jengo moja, lile kubwa la maduka. Mimi nilideki ukumbi wa chini, yeye alizunguka na ufito mrefu wenye ndoano nchani, akiangusha viota vya ndege kwenye nyaya za taa. Wanawake wa duka la viatu walimwita Injinia.

"Injinia, leo unabomoa mtaa gani?"

"Wenu. Hameni mapema."

Jengo lilisimama palipokuwa na maji na matete. Yeye mwenyewe alibeba zege hapo lilipoanza kujengwa, ndiyo maana alijua nani alitangulia kuhama. Maji yalipofukiwa waliondoka yangeyange, wale weupe wa miguu mirefu. Wakafuata vindege vya nyasini ambavyo majina yao hakuyajua, alizijua sauti tu. Waliobaki ni mnana, hawa wa manjano wanaosuka viota vya kuning'inia. Matete yalipokwisha waliingia ndani kwa mlango wa mizigo, wakaona nyaya, wakasema basi, na haya ni matete. Nyasi hakuna, kwa hiyo walisuka kwa kamba za plastiki na nywele za bandia zilizofagiwa saluni. Niliwahi kukishika kiota cha nywele nyekundu. Kilipendeza kuliko kichwa cha mwenye nazo.

Baba mdogo aliangusha asubuhi, wao wakaanza upya mchana. Hakuwachukia. Alichoka tu. Bega la kulia halikupanda tena mpaka alisukume kwa mkono wa kushoto, na nyumbani mama mdogo ndiye aliyemvua shati. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja, kazi ya getini. Getini unakaa. Unafungua, unafunga, unasalimia magari.

Meneja alilijua hilo. Siku moja alimwita karibu na nilipokuwa nakamua tambara, akampa kopo.

"Hii gundi, mzee. Unapaka kwenye nyaya. Ndege akitua, miguu inamkera, anaruka, harudi tena. Ukumbi ukiwa safi wiki hii, nakuhamishia getini."

"Hatanata?"

"Hanati, mzee. Anakereka tu."

Baba mdogo aliliangalia kopo, kisha bega lake, kama anayeliomba ruhusa. Akapanda ngazi, akapaka nyaya zote polepole mpaka maduka yakafungwa. Tukirudi nyumbani alitembea kama mtu aliyekwisha kukalia kiti. "Utakuwa ukipita getini unanisalimia kwa adabu," aliniambia. "La sivyo, huingii."

Asubuhi yake tulisikia kabla ya kuona. Mnana walikuwa wamenata. Wengine kwa miguu, wengine kwa bawa moja, wananing'inia na kupiga kelele, na kelele ziliwaita kunguru. Kunguru wa jalalani hawakuwahi kuingia ukumbini. Siku hiyo waliingia, wakatua juu ya mabango pasipo na gundi, wakawa wanachuma ndege kama matunda. Baba mdogo aliwapungia ufito. Walisogea kidogo, wakarudi. Yule kunguru mwoga wa methali hakuzaliwa mjini.

"Fanya kitu, baba!" walilia wanawake wa viatu. Hakuna aliyemwita Injinia.

Alipanda ngazi. Ndege wa kwanza alimbandua kwa vidole, taratibu, lakini mguu ukabaki kwenye waya. Kisha akaniambia nilete mafuta ya kula kutoka hotelini. Kwa mafuta waliachia. Aliniteremshia mmoja mmoja, nikawaweka kwenye ndoo tupu, wamelowa, mabawa hayafunguki.

Meneja alikuja, akaangalia juu, akaangalia ndoo.

"Unaona? Mnana wamekwisha. Hawa kunguru tutawatafutia dawa yao. Wewe nenda getini, mzee, umestahili. Sare iko ofisini."

Baba mdogo alishuka, akaketi kwenye kidato cha chini. Viganja vilishikana kwa gundi, na manyoya ya manjano yalimganda vidoleni.

"Na hiyo dawa ya kunguru, atakayepaka nani?"

"Si wewe, mzee, mwenye uzoefu! Tutakuazima mara mojamoja tu. Utarudi kukaa."

"Haya," alisema baba mdogo.

Akainuka kwa kushika ngazi. Akachukua ile ndoo kwa mkono wa kushoto, akatokea mlango wa mizigo. Wote tulidhani anakwenda kuwaweka ndege juani, arudi.

Baadaye meneja akanituma nikamwite. Nilifika mlangoni. Alikuwa amekwisha kupita geti na yuko ng'ambo ya barabara, anatembea taratibu, ndoo ikimpinda upande mmoja, kichwa ameinamisha. Sikumwita. Nilirudi nikasema simwoni. Ngazi ilikaa katikati ya ukumbi mpaka jioni, na sare ikabaki ofisini. Hakurudi tena.