Jua la Saa Moja

Miaka sita sasa nina soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaonijaza magamba mgongoni. Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Kakuma hadi Lodwar nikiamini nitapata matibabu ya taa ya miale. Daktari akasema, "Taa hiyo iko Nairobi. Kwa sasa ota jua la saa moja, kila siku."

Jua! Mtu wa Turkana aambiwe akaote jua! Nilifura, nikaubamiza mlango kabla hajamaliza kusema.

Lakini mgongo uliniwasha, nikatii. Siku tatu nilikaa mgongo wazi adhuhuri, saa nzima, huku nikimlaani. Siku ya nne ngozi ikababuka.

Nikarudi Lodwar, nikavua shati mbele ya foleni nzima. "Tazameni! Daktari huyu amenichoma!"

Daktari akachungulia mlangoni. Nyandeng, mkimbizi kutoka Sudan Kusini ninayemfundisha Kiswahili kambini, akainuka kwenye benchi.

"Mwalimu, hata mimi aliniambia jua ya saa moja. Ni ya asubuhi, dakika kumi tu. Si wewe ndio ulitufundisha kusoma saa?"

Foleni ikaangua kicheko, nami shati bado liko mkononi.