Inchi Tisa za Kioo, Miaka Kumi na Tisa ya Kununiana

Saa tatu asubuhi, Mama Solda anapuliza vumbi la mwisho kwenye televisheni ndogo ya chogo, anachomeka waya ukutani, kisha anarudi nyuma na kukunja mikono kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Kwanza unasikika mvumo. Kisha kioo cha inchi tisa, kisichozidi upana wa sahani, kinapata weupe katikati. Weupe unatanda, na mtangazaji anajitokeza, kichwa kimerefuka kama papai. Mama Solda, ambaye ndiye fundi, anapitisha bisibisi nyuma, anazungusha kidogo, na kichwa kinarudi saizi yake.

Kinyozi wa kibanda cha jirani, aliyekuja kushuhudia huku mteja wake akimsubiri na nusu ya nywele, anapiga makofi. "Mama, umefufua maiti!"

"Na aliyemuua ni mimi," anajibu Mama Solda. Hacheki.

Ana miaka sitini na moja. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu harufu ya solda, risasi ya kuunganishia nyaya, haimtoki nguoni. Tangu usichana wake anatengeneza redio na televisheni, ingawa siku hizi kinachomlisha ni pasi, feni na rimoti. Machogo hayana soko tena. Hata hili imebidi liunganishwe na king'amuzi kupitia kisanduku cha kubadilishia mawimbi, maana antena peke yake haishiki kitu.

Lakini hili si la mteja. Ni la marehemu baba yake, dereva wa lori, aliyelinunua likiwa limeshatumika na kuliweka juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma.

Baba alipofariki, miaka kumi na tisa iliyopita, watoto walikuwa wawili tu: yeye na dada yake mkubwa, mshonaji, aliyekuwa amemuuguza mzee mpaka siku ya mwisho. Vyombo viligawanywa bila neno. Ilipofika zamu ya televisheni, fundi aliinyanyua kana kwamba ilikwisha kuandikwa jina lake.

"Nilisema, 'Hii naichukua mimi, wewe utaifanyia nini? Hata kuiwasha hujui,'" anakumbuka. "Mbele ya watu. Mdomo uliniponza."

Dada alimjibu taratibu: "Sijui kuiwasha kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nje nimeshika mlingoti wa antena, nyinyi mko ndani mnatazama." Akaichukua televisheni mikononi mwa mdogo wake, akaifunga kwenye khanga, akaiweka kichwani, akaondoka nayo.

Haikupita muda mrefu, fundi akasikia kwa majirani kwamba imezimika. Akasubiri aletewe. Dada naye akasubiri afuatwe. Ikawa wanaonana misibani tu, wanapeana mikono kama watu waliokutana kwenye foleni.

"Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," anasema. "Kwetu sisi, majirani walilima wakavuna mara mbili."

Miezi miwili iliyopita, mpwa wake alifika kibandani amekumbatia furushi la shuka. "Mama mdogo, shikamoo. Mama anasema hili chogo linamlia nafasi. Uchukue, uuze vipuri."

Ulikuwa ujumbe mkavu. Hata hivyo aliupokea kwa mikono miwili.

Alipofungua mfuniko wa nyuma alikuta utando wa buibui, kutu, na mende waliokaukia humo. Akafuata njia ya umeme kwa mita ya kupimia, kituo hadi kituo, mpaka akafika palipoanzia ugonjwa: nukta moja ya solda ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Hapo ndipo televisheni ilipozimikia miaka yote ile. Mengine yaliletwa na unyevu baadaye, wakati imekaa bila kuguswa.

Anaweka kidole mezani kuonyesha ukubwa wa nukta hiyo. "Siku ile ilikuwa kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Nimekuja kuifanya kwa wiki saba. Vipuri vingine nimevitoa kwenye machogo matatu ya jalalani."

Baada ya kinyozi kurudi kwa mteja wake, Mama Solda anampigia mpwa simu. Amlete mama yake, anasema, kuna kitu anataka akione.

"Mama mdogo, kwani hukuambiwa? Mama haoni. Ni presha ya macho, huu mwaka wa tatu."

Anaiweka simu mezani, anazima televisheni, anakaa. "Mwaka wa tatu," anasema, "na mimi naishi mitaa minne kutoka kwake."

Alasiri hiyo anaibeba televisheni mwenyewe, pamoja na king'amuzi chake, hadi kwa dada yake. Dada yake amekaa karibu na cherehani isiyotumika tena. Anasikia hatua mlangoni, ananusa, kisha anasema: "Solda. Karibu, mdogo wangu."

Mama Solda anaingia. Anaiweka televisheni juu ya cherehani. Dada anaipapasa toka juu hadi kwenye kitufe. "Hiki si cha baba."

"Cha baba kilikatika, dada. Nimetia kingine."

"Kibaya. Haya, washa."

Sauti inajaa chumbani. Fundi analia, akijaribu kuficha kwikwi. "Ningekuja siku ile niliposikia imeharibika…"

"Ungekuja ningekufukuza," anasema dada. "Ila ungerudi kesho yake, ningekufungulia. Nilikuwa nasikiliza mlango." "Basi. Nani huyo anaongea?"

"Mwanamume. Kavaa tai."

"Imemkaa?"

"Imembana kama mbuzi wa kuuzwa."

Dada anacheka mpaka anashika mbavu. Mdogo wake anacheka naye, machozi bado yanamtoka.

Siku hizi Mama Solda hufunga kibanda mapema kila Ijumaa aende kukaa na dada yake. Ana mpango wa kuhamishia meza yake ya kazi barazani kwa dada yake kabla mwaka haujaisha, wateja wakimfuata huko sawa, wasipomfuata pia sawa. Kwa sasa, anasema, kuna kazi anajifunza upya.

"Maisha yangu yote nimetazama televisheni kwa nyuma," anasema akifunga kufuli. "Sasa natakiwa nitazame mbele, tena nieleze. Juzi dada kanigombeza, eti naruka mambo."