Chungu cha Chini ya Mchirizi

Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili, nikiishi Nakwa kwa wazazi wa baba yangu. Baba na mama walikuwa Arusha wakitafuta maisha. Watu wazima walizungumzia mkoa kama wanavyozungumzia mgeni aliye njiani: ofisi zinakuja, viwanja vitapanda bei, vijana watapata kazi. Kwetu nyumbani mkoa uliingia kwa mlango mwingine. Wageni waliohamia mjini walitaka mitungi ya kupoozea maji ya kunywa, na bibi yangu alikuwa mfinyanzi.

Watu walimwita Mama Paulo, kwa jina la baba yangu. Kazi ile alifundishwa na mama yake. Udongo aliuchimba bondeni upande wa ziwani, akaubeba kichwani mpaka nyumbani, akautwanga na kuuchanganya na vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni. Chungu kilikaa chini pale pale na yeye ndiye aliyezunguka, ameinama, akirudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje, mpaka kuta zinapanda. Hata alipokuwa anakwenda kanisani, mgongo wake ulikuwa wa mtu anayezunguka chungu.

Babu hakugusa udongo. Kazi yake ilikuwa kupeleka. Alivifunga vyungu kwenye baiskeli kwa nyasi na mipira, akaisukuma kwa miguu hadi Bagara, hadi Sigino, maana ukiipanda na mzigo ule, jiwe moja tu barabarani linamaliza kazi yote. Jioni akirudi, bibi hakumuuliza ameuza vingapi.

"Kuna kilichovunjika, Baba Paulo?"

"Hakuna."

Siku nyingine alikuwa anadanganya, nadhani, na bibi alikuwa anajua.

Watu wa kwetu walikuwa na imani yao juu ya wafinyanzi. Mfinyanzi anahitaji jua, kwa sababu chungu kibichi kikinyeshewa kinarudi kuwa tope. Basi walisema mfinyanzi mwenye siri huzika chungu, na mvua haishuki mpaka kifukuliwe. Niliyasikia hayo kwa watoto wenzangu njiani kwenda shule, nikamuuliza bibi. Alicheka mpaka akaacha kazi.

"Ningekuwa na uwezo huo, mjukuu wangu, ningenyeshea shamba langu peke yake."

Halafu ukaja mwaka ambao mvua ilianza, ikakatika, ikachelewa kurudi. Mahindi yaliota, yakafika magotini, yakaanza kuwa ya njano. Kanisani waliomba Jumapili kwa Jumapili. Maombi yalipokosa jibu, watu wakaanza kuangalia moshi wa vyungu vya bibi. Wakati huo huo matanuri ya matofali yalikuwa yanawaka kila upande wa mji, kwa ajili ya majengo ya mkoa. Wenye matanuri nao walihitaji jua. Sikumbuki mtu yeyote kuyataja.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Alikuwepo Mzee Bura, jirani ambaye shamba lake lilipakana na letu, balozi wetu wa nyumba kumi, na vijana wenye majembe. Nilitoa shikamoo, wakaitikia bila kuniangalia. Bibi aliwakaribisha viti, wakakataa kukaa.

"Mama Paulo, tumekuja kwa heshima," alisema Mzee Bura. "Watu wana maneno."

"Maneno gani?"

"Unayajua. Wanasema kuna chungu kimezikwa hapa kwako. Kama hakipo, tutakuomba radhi na tutaondoka."

Nilingoja bibi acheke kama alivyonicheka mimi. Hakucheka. Babu ndiye aliyejibu.

"Nendeni nyumbani. Hapa hakuna kitu cha mvua."

Hakusema hakuna chungu. Mimi mtoto sikuligundua hilo, lakini wao waliligundua. Vijana wakaanza kuchomachoma ardhi kwa nondo: kwenye majivu ya kuchomea vyungu, karibu na zizi, mlangoni. Walipozunguka nyuma ya nyumba, pale maji ya paa yanapodondokea, bibi aliwafuata haraka.

"Hapo msichimbe. Nawaomba. Hapo ni pa mwanangu."

"Mwanao yupi?" aliuliza balozi. "Watoto wako wote tunawajua."

Wakachimba. Hawakwenda chini sana. Jembe liligonga kitu, kijana mmoja akapiga magoti na kutoa chungu kidogo, mdomo wake umezibwa kwa kigae.

"Si niliwaambia," alisema.

Mzee Bura alikipokea, akatoa kigae, akakiinamisha mkononi. Ulitoka udongo mkavu, na ndani yake mifupa. Ilikuwa midogo kama ya kifaranga. Mzee Bura alibaki ameikinga mkononi mwake.

Maana yake nilielezwa na shangazi nilipokuwa mtu mzima. Kabla ya baba yangu, bibi alizaa mtoto aliyekufa hata hajapewa jina. Akina mama wazee walimwambia kwamba mtoto kama huyo hazikwi kwenye udongo mkavu. Anawekwa ndani ya chungu, anazikwa mahali maji yanapodondoka, ili tumbo la mama lipoe na watoto wengine waje na waishi. Wanawake wengine waliofiwa hivyo walikwenda kutafuta chungu kwa mfinyanzi. Bibi alikifinyanga mwenyewe, bado ana maziwa kifuani, akakichoma, na babu akachimba shimo. Baadaye wakazaliwa wanne, wote wakakua. Bibi aliamini kabisa kwamba uhai wao ulisimama juu ya chungu kile.

Mzee Bura aliijua desturi hiyo. Ilikuwa yake pia. Alivua kofia.

"Samahani, Mama Paulo," alisema kwa sauti ndogo.

Wangeondoka hapo, mambo yangeishia hapo. Lakini yule kijana alisema, "Mzee, lakini ni chungu. Na kimezikwa." Watu wakamgeukia balozi. Balozi aliangalia juu, mbinguni hakukuwa hata na wingu, kisha akasema, "Chungu ni chungu."

Walikipasua njiani mbele ya nyumba. Wakavunja na mitungi mibichi iliyokuwa imeanikwa, na bibi akakatazwa kuwasha moto wa vyungu. Mzee Bura aliiweka ile mifupa kwenye kanga ya bibi na kuondoka bila kuaga. Babu aliizika upya, mahali ambapo hakutuonyesha sisi wala mtu mwingine.

Na mvua ikanyesha. Wiki ile ile, alasiri, ikashuka nzito, na watu wakatoka nje wakiimba. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani. Aliiangalia muda mrefu.

"Kumbe," alisema.

Ni neno hilo moja tu lililobomoa nyumba yetu. Hakuchimba tena udongo. Babu alimsihi, akamwambia watu wa Bagara wanakuja kwa miguu kuuliza mitungi.

"Na kama kweli nilikuwa nimewafungia watu mvua, Baba Paulo?"

"Ulikuwa umemzika mtoto."

"Nilichozika nakijua. Kilichokuwa kinafanya huko chini sikijui."

Mahindi yalipoanza kukomaa, majirani walimletea mabichi ya kuchoma, kwa mapenzi, kama watu waliopatana. Alipokea, akashukuru, akatuchomea sisi. Babu alipata kibarua cha kupakia matofali kwenye tanuri moja, akaifanya kazi hiyo mpaka kifua kikamkatalia. Moshi wa tanuri lile kwa siku moja ulizidi moshi wa bibi wa maisha yake yote. Hakuna aliyelifuata na jembe.

Sina ugomvi na imani. Bibi mwenyewe alikuwa nayo, na kwa miaka mingi ilimwezesha kulala. Kinachoniuma ni kwamba mvua ile ingenyesha tu, kama ilivyonyesha miaka mingine ilipochelewa bila kufukuliwa mtu, na yeye alikufa akidhani alikuwa na hatia ya njaa ya wenzake. Pale Nakwa bado wanausimulia mwaka huo. Wanasema chungu kilifukuliwa na mvua ikaja. Mifupa hakuna anayeitaja.

Siku tulipomzika, baba yangu alisoma wasifu wa marehemu mbele ya waombolezaji. Alisema marehemu alikuwa mkulima. Jioni, watu walipopungua, nilimfuata.

"Baba, kwa nini mkulima?"

Alikunja ile karatasi. "Ulitaka niandike nini, na Mzee Bura amekaa mbele pale?"

Bibi alilima, ni kweli, kama kila mtu Nakwa anavyolima. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka Bagara kwa miguu kuja kuuliza mahindi ya Mama Paulo.