Uji wa Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kamera cha hospitali, hapa Tabora, Bingwa wetu wa upasuaji hakunionyesha kifaa hata kimoja. Aliniuliza tu, "Sista, mambo yakiharibika utasimama wapi?" Nikaonyesha kando ya mashine. "Simama karibu na mgonjwa," akasema. "Mashine haina mke wala watoto."

Tulikuwa tukipitisha kamera kooni na kupanua umio uliosinyaa, yaani njia ya chakula. Kazi hiyo inataka mkono mwepesi, na mwepesi kuliko wa Bingwa sijauona. Hata hivyo, umio wa Baba Kulwa, mkulima wa Nzega, ulipasuka. Wodini nilimgusa shingo, ngozi ikachakarika chini ya vidole. Hewa ilikuwa imevuja. Bingwa hakuchelewa: picha, antibayotiki, mrija wa kutoa uchafu kifuani, na mwingine wa kumlishia tumboni. Mdomoni, hata tone la maji marufuku.

Kisha akavuta kiti mbele ya Mama Kulwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umio wa mzee umepasuka, na ni mkono wangu ulioupasua. Sasa akimeza hata funda moja, litaingia kifuani limuue."

Mama akatazama mlangoni. "Ndugu zake wako njiani na uji," akasema. "Mgonjwa akinyimwa uji, kwetu watasema mke ndiye kamuua. Niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Nitawaambia mimi."

Akawaambia kweli, pale uani, kwa maneno yale yale. Shemeji mmoja alimfokea, Bingwa hakujitetea. Tangu siku hiyo Mama Kulwa akawa askari wa kitanda. Kila chupa ya uji iliyoletwa aliwagawia wagonjwa wengine, na mzee akimbembeleza ampe kidogo, alimtania, "Uji wako unanenepesha jirani."

Wiki zikapita, hadi picha ikaonyesha tundu limeziba. Bingwa akaleta kikombe cha maji, akampa Mama Kulwa amnyweshe. Mzee akameza, tukasubiri, akaomba tena.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku Ipuli. Wauguzi vijana wakija, huwaambia: mficha maradhi, kifo humuumbua, na madaktari wanaoficha makosa yao nao wamo.

Siku niliyoagwa kazini, Mama Kulwa alikuja kutoka Nzega na chupa ya uji. Nilijua kikombe cha kwanza ni changu. Akanipita, akampelekea Bingwa.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Siku ile, pale uani, uliniponya mimi kwanza."