Ramani Isiyo na Watani

Pélagie Toé alikuwa mtu wa kuzungumza na ramani. Ofisini kwao Ouagadougou aliikalia kompyuta kama mpika pombe anavyokikalia chungu chake, akiunga kijiji na kijiji kwa barabara, kwa mito na kwa magulio, kisha anauachia ugonjwa humo, kwa hesabu tu, aone utakimbilia wapi. Mara nyingi alipatia. Safari hii kipindupindu kilizuka mji wa Yako, kwa Wamossi, na ramani ikasema kitafuata lami kwenda kaskazini. Kikaibukia mji wa Toma, kwa Wasamo, kwao Pélagie, kando kabisa ya lami.

"Kimefuata harufu ya vichwa vya mbwa mnavyokula," alisema Zongo, Mmossi wa meza ya pili.

"Kelele, mtumwa wangu. Bwana wako anafikiri."

Hakuna aliyenuna. Msamo na Mmossi ni watani tangu mababu.

Simu ikalia. Ni baba yake, kutoka kijijini kwao, ambako ugonjwa ulikuwa bado haujafika.

"Mwanangu, mtani wangu Sawadogo wa Yako hatunaye. Tumbo, usiku mmoja tu. Kesho naenda na wenzangu kulala kaburini mwake, kama ada ya watani, hazikwi mtu mpaka wanawe watukomboe kwa kuku." Akacheka.

Pélagie akaigeukia ramani. Watani! Wanatoka mbali kuliko ndugu, wanaikalia maiti, wanakula sahani moja na wafiwa, wanarudi makwao. Naye, binti wa mtani sugu, hakuwachorea hata mstari. Akawachora. Vijiji visivyopakana na Yako vikaanza kuwaka vyekundu. Cha kwao kikawaka.

"Baba, usiende."

"Mmossi azikwe bila kutukanwa? Watasema hakuwa na mtu!"

"Utarudi na kipindupindu, Baba. Ataanza kuugua Mama."

Zongo, aliyekuwa akisikia yote, akaisogelea simu. "Mzee, mpwa wangu yuko huko huko msibani. Ataiweka simu mdomoni mwa kaburi. Tukana utakavyo."

Kesho yake mzee alisimama uani kwake, simu mkononi, akapayuka: "Sawadogo! Umekufa makusudi usinibebee mzigo! Amka, mvivu wee!" Huko Yako walicheka mpaka wakalia. Pélagie, aliyeunganishwa nao, alisikia udongo ukianza kudondoka. Baba yake hakukata simu.

"Wanafukia," alisema taratibu, kama anayezungumza na mtu wa karibu. Kisha akapaza sauti. "Mwambie huyo Zongo wako, ugonjwa ukiisha nakwenda kulikalia hilo kaburi. Na wale kuku ninaowadai wasiguswe."