Nani Anaumwagilia Mlimau wa Mama Ndoo?

Jua halijavuka ukuta wa bafu la nje, lakini Mama Ndoo ameshamaliza kumwagilia bamia na sasa anatambaa. Ndiyo, anatambaa, kwa magoti na viganja, akilizunguka pipa la chuma lililopandwa mlimau. Jana jioni alimwaga majivu ya jikoni kulizunguka pipa hilo, akayasawazisha kwa ufagio. Leo anatafuta nyayo.

Hakuna. Majivu yamelala vilevile alivyoyaacha. Zimo alama za kuku wa jirani tu, na kuku hamwagilii mti.

"Basi huyo mtu anakuja kwa kuruka," anasema, akiinuka na kukung'uta magoti.

Dirisha la chumba cha pili linafunguka. Fundi cherehani, jirani yake wa miaka mingi, anatoa kichwa nje, mdomo umejaa pini.

"Shoga, umeajiriwa upelelezi? Mkamate basi huyo kuku, ana kesi ya kujibu!"

"Cheka tu. Siku utakayoamka ukute cherehani chako kimetiwa mafuta na mtu usiyemjua, utacheka?"

"Nitamshukuru. Nitamwambia na pasi iko kabatini, aje aimalizie."

Mama Ndoo hacheki. Kwa kawaida ni mcheshi, lakini juu ya mti huu hana mzaha. Anauangalia kama mtu anayemwangalia mwanawe aliyerudi nyumbani na viatu vipya visivyonunuliwa na yeyote pale ndani.

Jina la Mama Ndoo alipewa na watoto wa mtaa, naye amelikubali. Ua wa vyumba vinane vya kupanga anamoishi na mumewe umejaa ndoo zake: ndoo za rangi, madebe ya mafuta ya kupikia, beseni zilizopasuka, sinki la jikoni lililotupwa na matajiri, hata tangi la pikipiki lililokatwa ubavu likaoteshwa mnanaa. Mna nyanya, biringanya, pilipili, mchicha, na trei za miche anayowauzia watu wa mtaa wanaotaka kuanzisha bustani zao. Huo ndio mshahara wake. Nusu humezwa na kodi ya chumba. Inayobaki, mwezi mzuri hununua unga na mafuta, na mwezi mbaya hununua unga peke yake.

Kazi yenyewe haina lelemama. Katika joto la hapa, lenye unyevu wa kumfanya mtu atoke jasho akiwa amekaa, udongo wa ndani ya ndoo hupikika kama uji. Mama Ndoo hufunika kila ndoo kwa nyasi kavu. Nyanya huzitandia chandarua kikuukuu zisichomwe na jua la mchana, na hata hivyo, joto likizidi, maua hupukutika kabla ya kushika matunda. Humwagilia asubuhi, hurudia jioni. Ikifika adhuhuri kila kitu uani kimeinamisha shingo.

Kila kitu isipokuwa mlimau. Mlimau unang'aa. Majani mabichi yamekoza, machipukizi yamesimama, malimau yanasukumana kwenye matawi. Na Mama Ndoo anajua vizuri kiasi cha maji anachoupa, kwa sababu anayateka mwenyewe. Hayatoshi kuleta neema hiyo.

"Mtu haumwagilii mti wa mwenzake kwa siri bila kuwa na hesabu zake," anasema.

Msomaji anaweza kumwona kama mwanamke mwenye wasiwasi uliopitiliza. Avute subira kwanza.

Bustani yake ya kwanza haikuwa ya ndoo. Ilikuwa ardhini, nyuma ya uzio wa kiwanda ambako mama yake mzazi alikuwa akifagia. Palikuwa jaa. Mama na binti walizoa chupa, misumari, mabati yenye kutu, wakatia samadi msimu baada ya msimu mpaka udongo ukawa mweusi na laini, unashikika kama unga uliokandwa. Wakuu wa kiwanda waliwaambia, "Limeni tu, nani ana shida na hapa?" Kisha akaja bwana mmoja mwenye viatu safi. Akausifia udongo. Akatoa futi kamba, akaivuta huku, akaivuta kule. Mama mtu alipouliza kulikoni, akajibiwa kwa upole: "Ni vipimo tu vya kawaida, mama."

Trekta lilikuja nyanya zikiwa zimeiva. Mama mtu alichowahi ni kung'oa mche mmoja wa mlimau, akautia ndani ya sufuria pamoja na udongo uliokuwa kwenye mizizi yake, akaubeba kichwani. Hapo alipolima pana maghala leo. Yeye hakuishi kuyaona.

Mara ya pili Mama Ndoo alikuwa ameshaolewa. Jaa jingine, kando ya mtaro, na ahadi zilezile. Mikono yao ilisafisha, na palipopendeza pakapata mwenyewe. Hakuna mji usiokuwa na kona ya namna hiyo: ilikuwa takataka, wakaja watu wa vyumba vya kupanga wakaisafisha bila malipo, na siku ilipong'aa wakaambiwa takataka ni wao. Waliokula faida ya usafi huo hawajawahi kununua hata jembe moja. Wanasahau haraka, maana kusahau kunawalipa. Mama Ndoo hasahau.

Ndipo alipojiwekea sheria. Hakuna mzizi wake utakaogusa ardhi ya mtu. Kila ndoo na pipa hukaa juu ya matofali, maji yachuruzike na mizizi isipate pa kwenda. Siku ya kuhama, anahama na shamba lake.

"Ndoo ina mkono," hupenda kusema. "Unaishika, unaondoka nayo."

Ule mche wa mama yake ndio huu mlimau wa kwenye pipa. Chini kabisa ya pipa, anasema, upo udongo wa sufuria ile.

Sasa, miezi michache iliyopita, mwenye nyumba alileta msimamizi mpya. Kijana mtanashati, ana salamu kwa kila mtu, na siku ya kwanza alikuja na magunia ya samadi. Ya bure.

"Shikamoo mama. Mbona mnajitesa na makopo? Ardhi si hii hapa? Pandeni tu!"

"Marahaba, baba. Mimi nimezoea makopo."

Wapangaji wengine walifurahi. Wakachimba, wakapanda mchicha na mahindi mpaka mlangoni pa bafu. Mama Ndoo hakuigusa samadi ile hata kwa fimbo. Fundi cherehani alimwambia anamchukia kijana wa watu bure. Yeye akajibu kwamba hamchukii, anamkumbuka tu, ingawa hawajawahi kuonana.

Juzi kijana akaja na futi kamba. Akapima kutoka ukutani hadi kwenye mlimau, akasimama, akaushika mti shina kama mtu anayechagua mbuzi. "Mti mzuri sana huu, mama. Umestawi." Mama Ndoo akamuuliza anapima nini.

"Ni vipimo tu vya kawaida."

Maneno yaleyale, upole uleule, na viatu vilevile ungesema. Hapo ndipo alipomwaga majivu, na baada ya kuyakuta majivu hayana nyayo, akakata shauri: mlimau unaondoka leoleo, uende kwa mdogo wake upande wa pili wa mji, mwenye kiwanja chake mwenyewe.

Mumewe ni fundi baiskeli. Benchi lake la kazi liko palepale uani, kwenye kivuli cha ukuta. Ni mtu mtaratibu, mwenye maneno machache, na siku hiyo hayo machache nayo yaliadimika.

"Baba watoto, chukua toroli la muuza mkaa, tuhamishe mti."

"Kesho, mama watoto. Mgongo."

"Mgongo huo asubuhi ulikuwa unabeba pikipiki."

"Ndiyo iliyouumiza."

Mama Ndoo akamtupia jicho la pembeni, akawaita majirani. Walikuja wanne, wakakumbatia pipa, wakahesabu, wakanyanyua. Halikutikisika. Wakanyanyua tena. Mmoja akajamba, wengine wakaishiwa nguvu kwa kicheko. Pipa liko palepale.

"Umetia mawe humu, dada?" akauliza muuza mkaa.

Mama Ndoo alipiga magoti, akapenyeza mkono chini ya pipa, mahali palipotakiwa kuwa na matofali. Hapakuwa na tofali. Palikuwa na udongo, na ndani ya udongo kitu kigumu, kinene kama kifundo cha mkono wake, kikishuka chini na kukunja kuelekea bafuni. Mzizi.

Alikaa chini. Kisha kichwa chake kikaanza kugeuka polepole, kama mtu anayemtafuta mwizi sokoni. Matofali yake anayajua. Aliyapaka chokaa kwa mkono wake. Macho yakapita mlango wa kwanza, wa pili, yakafika kwenye benchi la fundi baiskeli, yakatua.

Miguu minne ya benchi. Kila mguu juu ya tofali. Matofali meusi kwa grisi, lakini pembeni, grisi ilipobanduka, meupe pe.

"Baba watoto."

"Naam."

"Benchi lako limerefuka siku hizi."

"Lilikuwa linayumba."

"Likayumba mpaka likaangukia chini ya mlimau wangu?"

"Haya sasa!" Fundi cherehani alipiga makofi. "Mpelelezi kamkamata mtu wake, kumbe analala naye kitanda kimoja!"

Ua mzima ulicheka isipokuwa watu wawili. Fundi baiskeli aliweka spana chini, akajipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mti ulikuwa unakufa," alisema mwishowe. "Ulipokwenda kumuuguza mdogo wako, mwaka juzi. Majani ya njano yote, mizizi imejiviringa humo ndani kama waya. Nikatoa matofali, nikalitoboa pipa kwa patasi, nikalizungushia udongo usijue. Ukapona."

"Na ukanyamaza."

"Ningekwambia ungekataa."

"Ningekataa kwa sababu najua yanakoishia haya mambo!"

"Na mimi najua. Tulipofukuzwa kule mtaroni, toroli aliyelisukuma ni nani?" Kwa mara ya kwanza alipandisha sauti. "Nilitaka tuwe na kitu kimoja, kimoja tu, kisichokuwa na mkono wa kubebea."

Ilibaki kujulikana maji. Walifukua kidogo kuufuata mzizi, na ukawafikisha kwenye mtaro wa maji machafu ya bafu, ambako ulikuwa umejitandaza raha mustarehe. Fundi cherehani aliangalia mtaro, akaangalia mti, akashika kiuno.

"Kumbe tunaoumwagilia ni sisi. Kila tukioga!"

Mama Ndoo hakusema na mumewe hadi kesho yake. Lakini chuki yake, anasema, haikukaa kwa mume. Ilihamia kwenye swali. Kuukata mzizi ule katika joto hili ni kuua mti. Kuuacha ni kuuweka mikononi mwa mwenye futi kamba.

Msimamizi alipokuja tena, alimkuta Mama Ndoo amesimama katikati ya ua, na wapangaji kila mmoja mlangoni kwake.

"Baba, unapima nini?"

"Vipimo vya kawaida, mama, nilishasema."

"Kawaida ya nani?"

"Kuna mpango wa kuboresha mazingira."

"Kuboresha na sisi tukiwemo, au baada ya sisi kutoka?"

Kijana akaangalia simu yake, ambayo haikuwa imelia. Akasema ana kikao. Muuza mkaa, aliyekuwa amepanda mahindi kwa samadi ya bure, aliyatazama mahindi yake kana kwamba yamebadilika rangi.

Gazeti hili lilimtafuta msimamizi. Alisema hana la kuzungumza. Mwenye nyumba alipigiwa simu siku tatu, haikupokelewa. Basi wapangaji wamejijibu wenyewe: wamekubaliana kwamba hakuna mmoja atakayezungumza na watu hao peke yake. Ni vyumba vyote vinane pamoja, au kimya.

Siku hizi ukiingia kwenye ua huo utaona mlimau umevaa vifurushi vya nailoni. Mama Ndoo amechubua gamba la matawi manane, akayafunga kwa udongo mbichi aliouchota chini ya pipa. Nailoni na uzi vimetoka kwa fundi cherehani. Baada ya wiki kadhaa kila tawi litatoa mizizi likiwa bado juu ya mti, kisha atalikata na kulipanda kwenye ndoo. Ndoo moja kwa kila chumba. Ndivyo alivyopanga.

"Trekta likija litaukuta mmoja," anasema. "Minane itakuwa imeshashikwa mkono."

Na ule mzizi?

Wiki iliyopita alimwambia mumewe arudishe matofali. Fundi baiskeli aliyatoa chini ya benchi bila ubishi, akayasugua grisi kwa mafuta ya taa, akayaleta akiwa ameinamisha kichwa, akiamini mti wake umehukumiwa. Mkewe hakuchukua panga. Alichukua sululu. Akachimba ardhini, pande nne za pipa, akayazika matofali nusu yake, nusu akayaacha yaonekane. Akayapaka chokaa upya.

"Akija na futi yake, aanzie kupima hapa."

Sasa benchi linayumba, na mafundi wenzake wanamcheka mzee wa watu.

Jioni inaingia. Mama Ndoo anatoka jikoni na sufuria la majivu, anayamwaga kulizunguka pipa, anayasawazisha kwa ufagio taratibu. Fundi cherehani anamwona.

"Wee! Si ulishamjua anayeumwagilia?"

"Huyo nilishamjua," anajibu bila kuinua kichwa. "Sasa hivi natafuta nyayo za viatu."