Msafiri Niliyemwombea Angani

Tangu mke wangu afariki, redio ndiyo iliyoongea nami hapa Kibaoni, namshukuru Mungu kwa hiyo redio. Siku moja ilieleza kwamba setilaiti husogea kidogo kidogo kutoka kwenye njia yake, na injini ndogo ya umeme huisukuma taratibu irudi.

Nikamhurumia dereva wake, peke yake huko juu, hana hata wa kumpikia. Basi mimi katekista nikawa nawaomba waumini kila Jumapili wamwombee pamoja na wagonjwa. Mama mmoja alimtolea kuku wa sadaka.

Juzi padri alikuja. Nilipomtaja msafiri wetu, akanisogelea. “Katekista, mle hamna mtu. Ni mtambo tu.”

“Na kuku wangu?” mama akauliza. Kanisa zima likacheka.

“Hamna kabisa, Baba?” nikasema mbele yao wote. “Nilikuwa nimeshamzoea.”